Tarehe Iliyomwaga Damu: Feleji, Wageni na Siasa mjini Homestead, 1892

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1892, kampuni ya feleji, yaani chuma cha pua, ya Andrew Carnegie iliwapelekea wafanyakazi wake wa Homestead, mji mdogo kando ya Mto Monongahela karibu na Pittsburgh, Marekani, masharti ya mkataba mpya. Mambo matatu yalizua ubishi. La kwanza, bei ya chini iliyotumika kukokotoa mishahara ishuke kutoka dola 25 hadi dola 22 kwa tani ya feleji. La pili, ujira wa kila tani upunguzwe katika baadhi ya vitengo. La tatu, mkataba uwe unakwisha tarehe 31 Desemba badala ya tarehe 30 Juni. Kwenye fedha pande mbili zilikaribiana sana: kufikia mwishoni mwa Juni chama cha wafanyakazi kilikubali dola 24 na kampuni ikapanda hadi 23. Kwenye tarehe hakuna aliyesogea. Wiki mbili baadaye watu wasiopungua kumi walikuwa wamekufa kwenye ukingo wa mto.

Dola moja haiui watu, wala tarehe peke yake haiui. Ili kuona kwa nini Desemba badala ya Juni lilikuwa jambo la kufa na kupona, inabidi kwanza kujua feleji ilitengenezwaje, nani alisimama langoni akingoja kazi, na serikali ilikuwa upande gani. Vitabu vingi huyaeleza mambo hayo kila moja kwenye sura yake: viwanda, wafanyakazi, uhamiaji, siasa. Homestead yalikutana kwenye karatasi moja.

Mkorogaji na upondo wake

Kabla ya feleji kuenea, chuma cha kazi kilipatikana kwa kukorogwa. Chuma ghafi kinachotoka kwenye tanuri kubwa la kuyeyushia mawe kina kaboni asilimia 3 hadi 4, na kaboni hiyo ndiyo hukifanya kivunjike kama chungu ukikigonga. Mkorogaji alipakia kama kilo 270 za chuma hicho kwenye tanuri lake, akakiyeyusha, kisha akapenyeza upondo mrefu wa chuma kupitia tundu la mlango na kukoroga ili kaboni iungue. Chuma ghafi huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi. Chuma kisicho na kaboni huhitaji zaidi ya nyuzi 1,500, joto ambalo tanuri lile halikulifikia. Kwa hiyo kadiri kaboni ilivyoungua, uji ule ulizidi kuwa mzito. Aliyewahi kusonga ugali anakijua kipindi unga unapoanza kukamata mwiko. Sasa fikiria sufuria yenye robo tani na moto unaokuunguza nyusi. Mkorogaji aligawa donge lile kuwa mabonge matatu ya kilo 90 hivi, akayatoa moja moja yakichuruzika mavi ya chuma, yakaenda kukamuliwa na kupitishwa kwenye roli, yaani magurudumu mazito ya kubana chuma. Mzunguko mmoja ulikaribia saa mbili. Kwa siku alifanya kama mitano, basi, tani moja na ushei.

Hapakuwa na kipimajoto cha kumwambia muda umefika. Alijua kwa rangi ya moto na kwa uzito wa upondo mikononi. Akitoa bonge mapema, kaboni imebaki na bonge linapasuka kwenye roli. Akichelewa, chuma chenyewe kinaungua na kugeuka mavi, na tani za kulipwa zinapungua. Ujuzi huo ulichukua miaka kuupata, chini ya mkorogaji mwingine, mara nyingi baba au mjomba. Mkorogaji ndiye aliyemlipa msaidizi wake, kutoka kwenye ujira wake mwenyewe. Mwenye kiwanda alimiliki tanuri na makaa, lakini ujuzi ulirudi nyumbani na mkorogaji kila jioni.

Hapo ndipo nguvu ya chama ilipozaliwa. Wakorogaji wa Pittsburgh walianzisha umoja wao, Sons of Vulcan, mwaka 1858, na mwaka 1865 wakapata mkataba uliofunga ujira wao na bei ya chuma sokoni. Mwaka 1876 waliungana na mafundi wa roli na wa tanuri za kupashia wakawa Chama cha Muungano cha Wafanyakazi wa Chuma na Feleji. Mwaka 1891 kilikuwa na wanachama wapatao 24,000, kimojawapo cha vyama imara kabisa vya mafundi nchini Marekani.

Kisha ukaja mtungi wa Bessemer. Ni chombo kikubwa chenye umbo la yai, kimepakwa ndani matofali na udongo wa kuhimili moto, na chini kina matundu ya kupitishia upepo. Unamimina ndani tani 5 hadi 15 za chuma ghafi kilichoyeyuka, unafungulia upepo wa nguvu, na hutii kuni wala makaa hata kidogo. Silikoni, manganizi na kaboni zilizomo ndani ya chuma ndizo zinazoungua na kupandisha joto. Mwanzo hutoka cheche, halafu mwali mweupe unaong'aa mpaka unaangaza usiku mzima wa mji, halafu ghafla mwali unazama. Hapo kaboni imekwisha. Dakika 10 hadi 20, basi. Kazi ya wakorogaji saba au wanane ya kutwa nzima imekwisha kabla chai haijapoa.

Mtungi nao una makosa yake. Upepo ukiachwa sekunde chache zaidi, oksijeni inaingia kwenye chuma na feleji inapasuka ikipita kwenye roli ikiwa ya moto. Dawa yake ni kuongeza chuma chenye manganizi, ambayo huivuta oksijeni hiyo na kurudisha kaboni kidogo inayotakiwa. Fosforasi ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kwenye mtungi wenye ukuta wa udongo wa silika haitoki kabisa, na feleji yenye fosforasi nyingi huvunjika wakati wa baridi. Reli inayovunjika wakati wa baridi ni ajali ya treni. Ndiyo maana mawe ya chuma ya kandokando ya Ziwa Superior, yenye fosforasi kidogo, yalitafutwa kwa udi na uvumba. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Homestead ilianza kutumia tanuri za wazi zenye sakafu ya chokaa na magnesia, zinazokamata fosforasi. Hizo zilikwenda polepole, saa nyingi kwa mpiko mmoja, lakini fundi aliweza kuchota sampuli, kuipima na kurekebisha. Feleji ya mabamba ya meli za kivita na ya mihimili ya majengo marefu ilitoka humo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye bei. Tani moja ya reli za feleji, iliyouzwa kwa zaidi ya dola 150 mwishoni mwa miaka ya 1860, ilikuwa chini ya dola 20 miaka 30 baadaye. Marekani, iliyotoa tani kama 70,000 za feleji mwaka 1870, ilitoa zaidi ya milioni 10 mwaka 1900.

Wengi husema mashine iliondoa ujuzi. Hapo nadhani wanakosea kidogo. Mashine ilihamisha ujuzi. Mkorogaji hakuhitajika tena kwenye mtungi, lakini kwenye roli za mabamba bado alitakiwa mtu anayejua bamba lipite mara ngapi na libanwe kiasi gani kabla halijapoa. Mafundi hao wa roli na wa tanuri za kupashia ndio waliokuwa uti wa mgongo wa chama Homestead. Walikuwa wachache, lakini wakiondoka wao, watu 3,800 wa kiwanda kizima hawana cha kufanya.

Bei ya chini ilikuwa nini hasa

Fundi hakulipwa kwa siku. Alilipwa kwa tani, na ujira wa tani ulifuata bei ya soko ya miche ya feleji, yaani vipande virefu vya mraba, ya inchi 4 kwa 4. Soko likipanda, naye alipanda. Likishuka, alishuka nalo, lakini kwa mkataba uliopatikana baada ya mgomo wa 1889 kulikuwa na sakafu: ikifika dola 25, hesabu inasimama hapo hata mche ukiuzwa kwa bei ya chini zaidi. Kufikia 1892 mche ulikuwa umeshashuka chini ya dola 25, na ni sakafu hiyo pekee iliyokuwa imeushikilia mshahara. Kuishusha hadi 22 ni kupunguza ujira kwa asilimia 12 siku hiyo hiyo, ukikokotoa kwa uwiano, bila fundi kufanya kosa lolote.

Kampuni ilikuwa na hoja. Ilikuwa imeweka mitambo mipya, tani kwa kila mtu zimeongezeka, na ukizidisha tani nyingi kwa ujira wa zamani baadhi ya mafundi wanapata fedha nyingi. Chama kilijibu kwamba anayeamua kuzalisha kwa wingi mpaka bei ya mche ianguke ni kampuni yenyewe. Mfanyakazi hana mkono kwenye bei ile, na sakafu ipo kwa sababu hiyo. Ukiwasikiliza wote wawili unaona kila mmoja alidai faida ya mashine ni yake. Sayansi haina jibu la swali hilo. Hujibiwa na mwenye nguvu ya kusubiri.

Hapo tunarudi kwenye tarehe. Mkataba ukiisha 30 Juni, mazungumzo yanaangukia kiangazi. Madaraja na majengo yanajengwa, maagizo ni mengi, kila siku ya kusimama inaiuma kampuni. Mfanyakazi aliyefungiwa nje ana bustani ya viazi, anaweza kupata kibarua shambani, na watoto hawahitaji moto wa kuwapasha. Ukiisha 31 Desemba, mambo yanageuka: maagizo yamepungua, ujenzi umesimama kwa theluji, na huko Pennsylvania mtu asiye na makaa mwezi Januari yuko hatarini kufa. Kodi ya nyumba, ambayo kwa baadhi yao mwenye nyumba ni kampuni ile ile, haingoji. Kwa kubadilisha tarehe tu, bila kugusa senti, Henry Clay Frick, aliyekuwa akiendesha kampuni wakati Carnegie amekwenda mapumzikoni Uskoti, angekuwa amevunja mgomo wowote wa baadaye kabla haujaanza. Mafundi waliliona hilo mara moja.

Waliosimama langoni

Mkataba ule uligusa moja kwa moja watu 325 hivi. Wanachama wote wa chama Homestead walikuwa kama 800. Waliobaki, watu takriban 3,000, walikuwa vibarua wa mshahara wa saa, na wengi wao wageni kutoka Ulaya ya Mashariki: Waslovakia, Wahungari, Wapoland. Kibarua alipata kama senti 14 kwa saa. Zamu ya saa 12 ilimpa dola 1 na senti 68.

Kwa nini mtu avuke bahari kwa hiyo? Kwa sababu hesabu yake haikuwa ya maisha ya Marekani. Mslovakia aliyetoka vijiji vya mashariki ya Ufalme wa Hungaria alikuja akiwa na lengo: kununua shamba, kulipa deni, kujenga nyumba kwao. Alipanga kukaa miaka mitatu au minne. Alilala kwenye nyumba ya mwenzake pamoja na wapangaji wengine, kitanda kimoja kikitumiwa na watu wawili. Wa zamu ya usiku akiamka, wa zamu ya mchana anajilaza kwenye shuka lenye joto bado. Kila kilichobaki kilitumwa nyumbani. Meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari ya wiki tano au sita za matanga kuwa chini ya wiki mbili, na mtu aliyetangulia alinunua tiketi huku Marekani na kuituma kwa ndugu yake. Katika miaka ya 1880 pekee waliingia zaidi ya watu milioni 5.

Dhana kwamba kampuni ziliwaleta wageni hao kwa mkataba ni ya kweli nusu. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Marekani liliruhusu mwajiri amlipie mgeni nauli kisha amkate mshahara hadi miezi 12. Sheria hiyo ilifutwa 1868. Mwaka 1885, kwa shinikizo la vyama vya wafanyakazi, ilipitishwa sheria ya kinyume chake: marufuku kumlipia mgeni nauli kwa ahadi ya kazi, faini dola 1,000 kwa kila mtu. Kwenye kisiwa cha Ellis, kilichofunguliwa 1 Januari 1892, sheria hiyo iligeuka mtego wa ajabu. Ofisa alimuuliza mgeni: una kazi inayokusubiri? Akijibu ndiyo, ameletwa kwa mkataba, arudishwe. Akionekana hana uwezo wa kujikimu, sheria ya 1882 ilizuia watu watakaokuwa mzigo kwa umma, naye arudishwe pia. Jibu la kupita lilikuwa: sina kazi, ila nina nguvu, nina fedha kidogo, na nina ndugu Pittsburgh. Wakala wa meli na barua za ndugu waliwafundisha jibu hilo kabla hawajapanda meli. Kampuni haikuhitaji kumlipia mtu nauli tena. Alijileta mwenyewe na kusimama langoni.

Ubaya mkubwa zaidi uliwafika Wachina. Maelfu yao walikuwa wamejenga sehemu ya magharibi ya reli iliyounganisha bahari mbili mwaka 1869. Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia saini sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini kwa miaka kumi. Ilirudiwa na kukazwa, ikafutwa 1943 tu. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa mstari wa mbele kuidai. Hata Knights of Labor, umoja mkubwa wa wafanyakazi wa kila aina, ambao mwaka 1886 walikuwa na wanachama zaidi ya 700,000 na waliwakaribisha wanawake na watu weusi, waliwafungia Wachina mlango. Huko Rock Springs, Wyoming, tarehe 2 Septemba 1885 wachimba makaa weupe waliwaua Wachina wasiopungua 28 baada ya ugomvi wa nani afanye kazi kwenye chumba gani cha mgodi. Ni doa ambalo mtu anayewapenda wafanyakazi wa zama zile hana haki ya kulifunika.

Kosa la aina hiyo lilikuwamo hata ndani ya chama cha feleji. Matawi yake mengi hayakuwataka watu weusi, na mafundi wengi waliwaita Waslovakia majina ya dharau. Ndiyo maana kilichotokea Homestead kinashangaza: wale vibarua 3,000, wasio wanachama, wasioguswa na sakafu ya mche, walisimama na mafundi. Hesabu yao ilikuwa na mantiki. Fundi akishushwa leo, nyapara atamshusha kibarua kesho, na kwa senti 14 hakuna nafasi ya kushuka.

Tarehe 6 Julai

Frick alizungushia kiwanda uzio wa mbao wenye urefu wa kilomita kama 5 na seng'enge juu. Tarehe 25 Juni aliandika kwa Pinkerton, kampuni binafsi ya walinzi wa kukodi, kuomba walinzi 300. Kuanzia 28 Juni alifunga vitengo kimoja kimoja, na kufikia 2 Julai wote walikuwa nje. Kisheria huo haukuwa mgomo mwanzoni. Kampuni ndiyo iliyowafungia.

Wafanyakazi waliunda kamati chini ya Hugh O'Donnell, wakagawana zamu za kulinda mto, reli na barabara. Sherifu wa wilaya, William McCleary, alijaribu kukusanya wasaidizi akawakosa, kwani raia hawakutaka kwenda kupambana na majirani. Hapo ndipo Pinkerton walipoingia. Usiku wa kuamkia 6 Julai walipandishwa kwenye matishali mawili yaliyofunikwa, yakavutwa na stima ndogo kupanda mto. Wengi wao walikuwa watu wasio na kazi waliookotwa mijini, na baadhi hawakujua wanapelekwa wapi. Kipengele kimoja cha kisheria kilikuwa kikubwa: hawakuwa wameapishwa kuwa wasaidizi wa sherifu. Kwa hiyo walipofika karibu saa kumi alfajiri walikuwa watu binafsi wenye bunduki za mtu binafsi.

Mapigano yalidumu hadi jioni. Watu walijaribu kumwaga mafuta mtoni na kuyawasha, wakasukuma behewa linalowaka kuelekea matishali, wakatupa baruti. Karibu vyote vilishindwa. Walinzi waliposalimu amri karibu saa kumi na moja jioni, walipitishwa katikati ya safu mbili za watu waliowapiga kwa ngumi, mawe na magongo, wanawake na watoto wakiwemo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni wafanyakazi saba na Pinkerton watatu waliokufa. Miongoni mwa wafanyakazi waliouawa walikuwamo Waslovakia.

Jioni hiyo mji ulikuwa mikononi mwa wafanyakazi. Walishinda vita na wakashindwa wiki hiyo hiyo. Gavana wa Pennsylvania, Robert Pattison, alituma wanajeshi 8,500 wa akiba wa jimbo, wakaingia 12 Julai. Hawakupiga mtu risasi. Walifanya jambo lililotosha: walilinda lango. Sasa wavunja mgomo kutoka miji mingine waliweza kuingizwa, wakalala na kula ndani ya uzio. Baadhi yao walikuwa watu weusi, ambao chama kilikuwa hakijawapa sababu ya kukihurumia. Tarehe 23 Julai kijana mwanaharakati asiyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, Alexander Berkman, alimpiga Frick risasi ofisini. Frick alipona, na huruma ya umma ikahama.

Mahakama zilifanya yaliyobaki. Viongozi walishtakiwa kwa mauaji, ghasia, na hata uhaini dhidi ya jimbo la Pennsylvania. Majopo ya raia, yaani juri, hayakumtia hatiani mtu kwa mapigano yale. Lakini kesi haikuhitaji kushinda ili ifanye kazi yake: dhamana zilikula fedha za chama, na viongozi walikaa mahabusu au mafichoni wakati mgomo unahitaji kuongozwa. Tarehe 20 Novemba, baridi ikiwa imeshabisha hodi, mgomo ulifutwa.

Kura ziliweza nini

Mtu atauliza: wafanyakazi walikuwa wengi na wanaume wana kura, mbona hawakuwaondoa wanasiasa hao? Kwanza, kwa muda mrefu kura haikuwa siri. Kila chama kilichapisha karatasi yake, mara nyingi ya rangi yake, na mpiga kura alitembea nayo hadharani mbele ya watu wote. Nyapara aliweza kuiona rangi kutoka mbali. Massachusetts ilipitisha sheria ya karatasi moja ya siri iliyochapishwa na serikali mwaka 1888, na majimbo mengi yakafuata miaka michache baadaye. Pili, mgeni alihitaji miaka mitano kupata uraia, na Mslovakia aliyepanga kurudi kwao hakuuomba. Tatu, maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo mpaka 1913, na mabunge hayo yaliijua kampuni ya reli kuliko yalivyomjua mkorogaji.

Nne, hoja kuu ya uchaguzi ilikuwa ushuru wa forodha. Chama cha Republican kilisema ushuru mkubwa kwa bidhaa za Ulaya ndio unaolinda mshahara mkubwa wa Mmarekani, na sheria ya McKinley ya 1890 ilipandisha ushuru wa wastani karibu na asilimia 50. Homestead iliipasua hoja hiyo: hapa palikuwa na kiwanda kilicholindwa na ushuru kikikata mishahara kwa bunduki. Novemba 1892 Rais Benjamin Harrison alishindwa na Grover Cleveland wa Democratic. Ushuru na Homestead vilitajwa miongoni mwa sababu, ingawa Pennsylvania yenyewe ilibaki na Harrison. Mwaka uliofuata Bunge lilipiga marufuku serikali kuu kuajiri watu wa Pinkerton. Kampuni binafsi ziliendelea kuwaajiri.

Kisha Cleveland huyo huyo akaonyesha tofauti ya vyama iliishia wapi. Uchumi uliporomoka 1893. Kampuni ya mabehewa ya Pullman, karibu na Chicago, ilikata mishahara kama robo bila kupunguza kodi za nyumba zake, na 11 Mei 1894 wafanyakazi wakagoma. Umoja wa reli wa Eugene Debs ukakataa kuhudumia mabehewa ya Pullman popote nchini. Mwanasheria Mkuu Richard Olney, aliyekuwa wakili wa kampuni za reli, alipata zuio la mahakama tarehe 2 Julai. Zuio ndilo silaha mpya iliyozidi Pinkerton. Hutolewa na jaji peke yake, upesi, na anayelivunja hufungwa kwa kuidharau mahakama bila kupelekwa mbele ya juri. Raia wa kawaida, waliowaachia viongozi wa Homestead, hawakuwa na nafasi tena. Wanajeshi wa serikali kuu waliingia Chicago dhidi ya matakwa ya Gavana John Altgeld, na Debs alifungwa miezi sita. Zuio lile liliegemea pia sheria ya 1890 iliyotungwa kuzuia makampuni kuhodhi biashara. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuivunja kampuni ya sukari iliyoshika karibu soko lote la nchi, na miezi michache baadaye ikakubali Debs afungwe.

Siku sita kabla wanajeshi hawajaingia Chicago, Cleveland alitia saini sheria ya sikukuu ya wafanyakazi mwezi Septemba. Mei Mosi tunayoiadhimisha Tanzania na Kenya ina mzizi wake huko huko Chicago, kwenye mgomo wa kudai kazi isizidi saa nane kwa siku uliofanyika 1 Mei 1886 na kufuatiwa na bomu la uwanja wa Haymarket na watu wanne kunyongwa. Mkutano wa kimataifa wa Paris mwaka 1889 uliichagua tarehe hiyo. Marekani yenyewe inaadhimisha ile ya Septemba.

Homestead baada ya 1892 mkataba haukuwapo tena. Ujira ulibandikwa langoni kama tangazo. Zamu ya saa 12 ilidumu katika viwanda vya feleji mpaka 1923, pamoja na zamu ndefu ya saa 24 mfululizo kila baada ya wiki mbili, pale wa mchana na wa usiku walipobadilishana. Mwaka 1901 Carnegie aliuza kampuni yake kwa dola milioni 480, ikawa moyo wa U.S. Steel. Tarehe 2 Machi 1937 U.S. Steel ilitia saini mkataba na chama cha wafanyakazi: saa 8 kwa siku, saa 40 kwa wiki, mshahara usiopungua dola 5 kwa siku. Miongoni mwa waliokuwa kwenye roli za Homestead siku hiyo walikuwamo watoto na wajukuu wa wale vibarua wa senti 14.